Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Upanga Mzuri Kuliko Yote

Wazee wetu, ndugu wanachama wa chama chetu cha kuigiza mapigano ya zama za kati, na ninyi vijana mliojikusanya huko nyuma karibu na sambusa,

Asanteni kwa kuja na baridi hii ya Leicester. Katiba yetu inanitaka nieleze mambo ya mwaka mzima. Mengine nitayapita mbio kwa sababu mnayajua. Ukumbi wa Jumamosi bado tunao. Ada haijapanda. Mweka hazina atasoma hesabu zake mwenyewe, na akifika kwenye fedha za mahema naomba asikatizwe. Wenzetu wawili wamehamia Reading, na tumepata familia ya kutoka Bukavu ambayo watoto wao wanazipiga ngao kama ngoma. Hiyo ni sifa, si lawama.

Nilichokuja kukisema leo ni habari ya upanga mmoja.

Mwezi wa nne, katika mazoezi ya kawaida, kijana wetu wa miaka kumi na sita alichomwa shavuni, upana wa kidole chini ya jicho. Alishonwa nyuzi tatu. Mama yake yuko hapa na ameniruhusu nisimulie, kwa sharti nisipambe. Sipambi. Upanga uliomchoma haukuwa wa chuma wala wa mti. Ulikuwa wa sponji. Tena ulikuwa mzuri kuliko yote tuliyonayo: bapa limepakwa rangi ya fedha hivi kwamba ukiwa mlangoni unaapa ni chuma, limechorwa mikwaruzo ya vita ambavyo halikupigana, na karibu na kipini kuna kutu ya brashi. Aliyeukagua asubuhi ile ni mimi.

Kwa wasiozijua panga hizi, ndani kuna ufito wa fibaglasi, juu yake tabaka za sponji zilizogundishwa, na juu kabisa ngozi nyembamba ya mpira. Ufito haufiki nchani. Huishia kabla, ukavishwa kofia ya ngozi au kitambaa kigumu, na kipande cha mwisho ni sponji tupu. Sasa chukua upanga huo uusimamishe ukutani kwa ncha yake, wiki baada ya wiki. Sponji inabonyea, gundi inaachia, ufito unaanza safari yake polepole kuelekea nje. Machoni huoni kitu, kwa sababu ngozi ya mpira na rangi vimefunika yote. Dawa ni kidole gumba. Unaibinya ncha huku na huku. Ikiwa nzima, ni laini mpaka mwisho. Ikiwa mbovu, kidole kinakutana na kitu ndani, kama kokwa ndani ya embe lililoiva.

Siku ile nilizibinya panga nyingine zote. Huu niliushika, nikaugeuzageuza kwenye mwanga, nikausifu, nikamrudishia mwenyewe. Niseme ukweli, ilikuwa haya. Nilijiona kama mtu anayebonyezabonyeza mikate ya watu dukani.

Nyuma yake kwenye foleni alikuwapo mzee wetu wa Jinja na silaha yake mnayoiita fagio: bomba la plastiki la maji, sponji ndefu ya watoto ya kuelelea bwawani, tepu ya kijivu. Fagio nililikagua dakika nzima. Nililibinya, nikalikunja, nikajichapa nalo pajani mara mbili. Lilipita, na hata leo linapita.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilichunguza neno letu tulipendalo, uhalisia. Tunalitamka kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ni viwili. Upo uhalisia wa macho, yaani rangi, kutu na mng'aro. Na upo uhalisia wa mkono: uzito kiasi gani, uzito huo umekaa wapi, na ukikosa pigo upanga unachukua muda gani kurudi. Upanga wa kweli wa mkono mmoja, wa karne ya 14 au ya 15, ulikuwa na kilo moja na kitu, na kwa kawaida haukufika kilo moja na nusu. Hadithi za panga za kilo kumi tuwaachie wauza sinema. Lakini hizi zetu za sponji ni nyepesi kupita kiasi, ndiyo maana vijana wanapiga mapigo matatu kwa pumzi moja. Mkononi mwao upanga unakuwa usinga wa kufukuzia nzi. Kisha tunatumia fedha kuupaka usinga rangi ya chuma.

Watu wa zama zile tunazoziigiza hawakuwa wazembe katika jambo hili. Mwaka 1278 Mfalme Edward I wa Uingereza aliandaa mashindano Windsor, na orodha ya manunuzi yake imebaki mpaka leo. Zimo panga 38 za mfupa wa nyangumi na ngozi ya kuandikia, bapa zimepakwa fedha, na chapeo na deraya za ngozi iliyochemshwa. Mnaona? Fedha ya machoni, na chini yake kitu kisichoua. Na mnamo 1292 ikatoka amri ya mashindano katika Uingereza hiyo hiyo: hakuna upanga wa ncha, hakuna kisu cha ncha, hakuna rungu, upanga mpana wa mchezo tu. Kanuni yetu ya nne, ya aina hiyo hiyo, ile inayolalamikiwa kila mwaka kuwa imeletwa na watu wa bima, ina zaidi ya miaka mia saba.

Mimi ni mtu wa Makunduchi, na wengine mnajua ninakoelekea. Katika Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya huko Unguja, kila Julai, watu wa kusini na wa kaskazini hupigana kwa migomba. Mgomba umejaa maji, mzito, huurushi ovyo kama usinga; ukiinua lazima ujue unaushushia wapi. Ukikupata umepigwa kweli, unausikia mbavuni, na wanawake pembeni wanakuimbia maneno ambayo yanauma kuliko mgomba wenyewe. Lakini haukati wala hauchomi. Sijawahi kumwona mtu ameupaka mgomba rangi ya fedha.

Kundi la henzirani, yaani wanaopigana kwa fimbo za rattan, lina hoja yake, na nawapa haki yao. Walioanza kupigana kwa fimbo hizo katika maigizo kama yetu ni Wamarekani wa California, walioanzisha mchezo wao Berkeley mwaka 1966, na hawakuichagua henzirani kwa urembo. Mwaloni ukivunjika hutoa kibanzi kama mkuki. Mwanzi hupasuka kwa urefu. Henzirani imejaa nyuzi ndani. Ikichoka hulainika na kuchanuka kama mswaki wa mti, na inakupa taarifa siku kadhaa kabla ya kufa. Wenzetu hao hawakubali fimbo iliyo chini ya milimita 32 kwa unene, na sisi tumeiandika hivyo hivyo. Uzito wake uko karibu na wa upanga. Kwa uhalisia wa mkono inaishinda sponji kwa mbali, ila inadai chapeo ya chuma, kinga ya koo na glavu nzito, na hapo mweka hazina huanza kukohoa.

Nimetaja kibanzi kwa sababu vibanzi vina historia yao. Mwaka 1559 Mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa alikuwa akicheza mchezo wa mikuki juu ya farasi mjini Paris. Mkuki wa mpinzani ukavunjika, vipande vikapita kwenye chapeo hadi jichoni, na baada ya siku kumi akafa. Utasema hizo ni zama za kale. Mwaka 2007, katika jimbo la jirani yetu la Northamptonshire, mtu aliyekuwa akiigiza mchezo huo huo kwa ajili ya televisheni alikufa kwa njia ile ile, na mkuki uliompata ulitengenezwa kwa balsa, mti mlaini mnaoukata kwa wembe. Waliuchagua kwa usalama. Mkuki ulivunjika kama ulivyokusudiwa, na kibanzi kikapita kwenye tundu la jicho la chapeo.

Kwa hiyo mwanachama akiniambia "silaha yangu ni laini, haina neno," namuuliza swali moja: ikivunjika, inakuwa nini?

Mwezi wa nane tuliwapeleka watoto kumtazama Mfalme Richard wa Tatu, yule aliyeuawa vitani Bosworth tarehe 22 Agosti 1485 na kufukuliwa mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari ya mji wetu. Yeye mwenyewe amezikwa kwenye kanisa kuu. Kwenye makumbusho kuna mifupa ya kuiga. Watafiti wa chuo kikuu walihesabu majeraha 11 aliyoyapata karibu na kufa, na tisa kati yake yako kichwani. Watoto wakaanza kuhesabu kwa vidole juu ya kioo. Binti mmoja wa miaka tisa akageuka akauliza kwa sauti, mbele ya wageni: "Kwani chapeo yake aliiweka wapi?" Mlinzi alicheka, lakini hilo ndilo swali walilolijibu watafiti wenyewe: majeraha yale yanaonyesha kichwa kilikuwa wazi, chapeo imeanguka au imevuliwa. Wiki iliyofuata, mazoezini, hakuna mtoto aliyenisumbua kuhusu joto la kofia. Watu wazima walinisumbua.

Sasa barabarani. Mwezi wa kumi vijana wetu wawili walipanda basi na panga zao mikononi, zile za rangi ya fedha. Abiria mmoja akapiga simu. Polisi walikuja, wakawateremsha, wakaushika upanga, wakaukunja ukakunjika, wakacheka, wakawaachia. Tunamshukuru Mungu kwa kicheko hicho. Ila dakika kumi kabla yake mama mmoja wa hapa alikuwa kwenye simu na mwanawe aliyeambiwa asimame ukutani mikono juu. Nawaomba wazazi tulitazame hili kwa macho yetu na si ya waandishi wa kanuni: watoto wetu hawatazamwi barabarani kama watoto wengine. Uzuri ule ule wa rangi unaotufurahisha uwanjani, kwenye basi ni hatari kwa aliyeushika.

Na kwa wenye chuma, sheria ya nchi hii inamtaka mtu aliyebeba kitu chenye makali au ncha hadharani awe na sababu ya msingi. Panga zilizopinda, zenye bapa la sentimita 50 au zaidi, zimewekewa marufuku England na Wales tangu 2008. Maigizo ya kihistoria na michezo yamesamehewa, lakini msamaha huo unadai ushahidi, haukufuati wenyewe kama kivuli. Ndugu yetu aliyeagiza upanga wa kupinda kwenye intaneti ili avae na kanzu siku ya Idi, tuonane baada ya mkutano. Sikutaji.

Kamati imekaa mara tatu na mambo yaliyokubaliwa ni haya. Kila silaha itabinywa ncha na watu wawili, na mwenyekiti hatakuwa mmoja wao kwa mwaka mzima. Hilo nililiomba mwenyewe. Silaha zote zitatundikwa kwa kipini, hakuna tena kusimamisha kwa ncha; mzee wa Jinja ameshapigilia misumari stoo. Silaha haitoki ndani ya ukumbi bila mfuko uliofungwa zipu. Kuchoma kwa ncha ya sponji kumekatazwa kabisa, hata kwa mzaha. Mwenzetu ambaye ngozi yake humuwasha kwa mpira atapewa wapinzani wenye silaha za kitambaa, na asionekane anadeka.

Katibu wetu, ambaye baba yake alikuwa mvuvi Lamu, amejaribu jambo ambalo naliona zuri kuliko azimio lolote la kamati. Amefunga chubwi za kuvulia ndani ya kichwa cha kipini, akazizungushia sponji na kuzishona kwa ngozi. Uzito unakaa nyuma ya mkono, kwa hiyo pigo la mbele haliongezeki, lakini upanga umeacha kuwa usinga. Vijana walioujaribu walilalamika siku ya kwanza kwamba mkono unauma. Siku ya tatu walikuwa wanaanza kungoja, kupima, kuchagua pigo. Kumpiga mtu kwa kichwa cha kipini ni marufuku, bila shaka.

Limebaki suala la chuma, ambalo litapigiwa kura leo. Pendekezo la wenye chuma ni kupigana kwa uhuru, kwa panga butu, kuanzia masika. Kamati inapendekeza mwaka mmoja wa mazoezi ya mpangilio kwanza, watu wazima tu, makali yasiyopungua milimita mbili na ncha ya mviringo, na glavu kabla ya kitu kingine chochote, maana vidole ndivyo vinavyoumia mapema. Najua mtasema mwenyekiti ameogopa tangu Aprili. Nimeogopa. Mwenye kura yake apige.

Upanga ule mzuri mwenyewe ametuachia, na nimeukata ncha kwa msumeno. Uko mezani pale, karibu na birika. Mnaweza kuuona ufito ulipofika: umeacha sponji isiyozidi unene wa sarafu. Mkipita kuchukua chai, ubinyeni.