Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2023: Mwanya wa Septemba na Kazi Iliyobaki

Ndugu wanachama, mafundi kompyuta wenzangu wa Tanga,

Hesabu za ada na mfuko wa kufaana atawasomea mhazini, nami sina la kuongeza ila shukrani kwa waliolipa kwa wakati. Nafasi yangu naitumia kwa jambo moja lililotutoa jasho: mwanya wa usalama uliogunduliwa Septemba kwenye vivinjari, ule wa picha za WebP, aina ya faili za picha zinazotumika sana mtandaoni. Wengi mliniuliza, picha inamwingizaje mwizi ndani ya kompyuta? Siku zile niliwajibu kwa haraka. Leo naeleza vizuri, maana fundi asiyejua anachokiziba hawezi kumshawishi mteja.

Tarehe 6 Septemba, timu ya usalama ya Apple na watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, waliiarifu Google. Tarehe 11 Chrome ikatoa toleo lililorekebishwa. Kesho yake Firefox ikafuata. Google ilisema wazi kwamba tayari kulikuwa na watu wanaoutumia mwanya huo. Namba yake kwenye orodha ya kimataifa ya kasoro za usalama ni CVE-2023-4863.

Kasoro ilikuwa kwenye libwebp, maktaba (yaani msimbo ulioandikwa tayari ili programu nyingi ziutumie) ya kufungulia picha, inayotumiwa na vivinjari vyote viwili. Picha ya WebP ya aina isiyopoteza ubora hubanwa kwa njia ya Huffman: thamani inayojirudia sana hupewa alama fupi, ya nadra hupewa ndefu. Faili hubeba orodha ya urefu wa alama hizo, na programu huisoma ili ijenge majedwali matano ya kufumbulia: la kijani, nyekundu, buluu, uwazi na umbali. Waandishi wa libwebp walishapiga hesabu ya nafasi kubwa kabisa itakayohitajika: 654 kwa la kijani, 630 kwa kila moja ya matatu yanayofuata, 410 kwa la umbali. Jumla 2,954, pale picha isipotumia akiba ya rangi, yaani kumbukumbu ndogo ya rangi zilizokwisha kutumika.

Hesabu ilikuwa sahihi, kwa orodha iliyo sahihi. Orodha iliyopindishwa kwa makusudi ilizaa jedwali kubwa kuliko nafasi yake, na ukaguzi wa kuona kama orodha imekamilika ulifanyika mwishoni, wakati kuandika kumeshapita. Lugha ya C, iliyoandikiwa libwebp, haimzuii mwandishi kuvuka ukingo wa nafasi aliyotengewa. Data ikamwagikia kumbukumbu ya jirani, na anayejua kilichokaa pale kwa jirani anaweza kuifanya programu imtii yeye.

Dawa yake naipenda. Sasa programu hupitia orodha kwanza bila kuandika kitu, ikihakikisha ni halali na kuhesabu nafasi inayohitajika. Isipotosha, huomba nyingine, ndipo iandike. Marekebisho haya yamo kwenye libwebp 1.3.2.

Nije kwetu. Kwenye steshenari moja ya Ngamiani, barabara ya 9, nilikaa mwenyewe kwenye kompyuta ya kupokelea kazi. Hapo hufunguliwa picha za kila mtu: pasipoti, vyeti, kadi za harusi. Kivinjari kilikuwa cha mwaka juzi na apdeti zimezimwa. Nikamuuliza mama mwenye duka nani alizizima. Akanijibu kwa upole, "Si ninyi mafundi, mwanangu? Mliniambia zinakula bando."

Nilimwomba radhi, kwa sababu alisema kweli. Tumezizima kwa miaka, kwa nia ya kumpunguzia mteja gharama, na tumewaacha milango wazi.

Nilipomaliza kuiapdeti Chrome ya pale, kazi haikuwa imekwisha. Kwanza, kivinjari kisipofungwa na kufunguliwa upya kinaendelea kutumia msimbo wa zamani, na pale kilikuwa hakijafungwa kwa wiki nzima. Pili, programu za kompyuta zilizojengwa kwa Electron, zana inayotumia msimbo wa kivinjari ndani yake, hubeba libwebp yao wenyewe, kwa hiyo kila moja inataka apdeti yake. Tatu, wenye Windows 7: Chrome iliishia toleo la 109 kwao. Wawekeeni Firefox ESR (Firefox inayopewa apdeti za usalama kwa muda mrefu) ya mfululizo wa 115, kuanzia 115.2.1, huku mkiwashauri wahame.

Wala hili si la mwisho. Mwaka 2020 wahandisi wa Chromium, mradi ambao Chrome imejengwa juu yake, walieleza kwamba takriban asilimia 70 ya kasoro zao kubwa za usalama ni makosa ya kumbukumbu kama hili.

Kamati inaleta mapendekezo mawili. Chama kinunue bando la pamoja, mwanachama mmoja apakue faili kamili za vivinjari kila toleo jipya likitoka, na wengine wachukue kwa flashi. Na kompyuta yoyote iliyopita mikononi mwetu, hata kama imeletwa kwa kibodi tu, isirudi kwa mwenyewe ikiwa na apdeti zilizozimwa. Tutapiga kura baada ya chai. Aliye na kompyuta ya mteja kwenye begi leo, ailete meza ya mbele, flashi ninayo.