Kaka, yule hakuwa mamba

Kaka,

Kadi ya mchango wa harusi ya binti yako imenifikia kwa mkono wa mtu baki. Nimechanga. Shangazi hangoji kubembelezwa. Ila tangu msiba wa Baba hujanipigia simu, na mimi kila nikitaka kukupigia nauona ule mkono wako ulivyonyooka.

Unaujua usiku ninaousema. Turubai limelowa, wazee kwenye mikeka, nami nimeambiwa nisome sura ya Ayubu aliyoipenda Baba. Nikasoma: “Je! Waweza wewe kumvua mamba kwa ndoana?” Nikanyamaza kidogo, nikasema kwenye Kiebrania hapo hapana mamba, pana Lewiathani, joka la baharini. Sikumaliza. Ulininyang'anya Biblia mbele ya wakwe zangu, ukasema, “Hapa si darasani kwenu,” ukaendelea kusoma wewe. Watu wakaitikia amina.

Najua ulichosikia. Kwa Baba, mamba wa Ayubu alikuwa yuleyule wa pale kwenye mawe, aliyeondoka na mdogo wetu tukabaki na ndoo. Ndiyo maana aliandika ile tarehe kwa penseli pembeni ya mstari. Ukadhani nimekuja na elimu yangu kumfuta mtoto.

Sasa nisikilize. Biblia hiyohiyo ya Baba, Union Version ya 1952, imekutana na neno lilelile, livyatan, ikaliita mamba kwenye Ayubu 41 na kuliacha lewiathani kwenye Zaburi 74, Zaburi 104 na Isaya 27. Hata Ayubu sura ya 3 ni lewiathani! Wafasiri wetu hawakujitungia. Mwaka 1663 Mfaransa Samuel Bochart alitoa kitabu kikubwa juu ya wanyama wa Biblia, akashikilia kuwa yule ni mamba, na wengi wakamfuata. Lakini shuka mistari michache: kinywani mienge ya moto, puani moshi. Wewe umekulia ziwani. Mamba gani uliyemwona akifuka moshi?

Tena Zaburi 74 inataja vichwa vyake, si kichwa. Wachimbaji walioanza kazi Ras Shamra, Syria, mwaka 1929 walikuta vibao vya udongo vyenye habari za nyoka Litan: mwepesi, mwenye kuzongazonga, vichwa saba. Ni karibu maneno ya Isaya, na vibao vile ni vya karne kadhaa kabla yake. Marabi, walimu wa Kiyahudi, nao wakaongeza chumvi, na hapa chumvi ni chumvi kweli. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho yao, inasimulia kuwa Mungu aliumba dume na jike, akaona wakizaana dunia itakwisha, basi akamhasi dume, akamuua jike na kumtia chumvi awe kitoweo cha wenye haki siku zijazo. Kitoweo, Kaka! Baba aliyeanika samaki maisha yake yote angecheka mpaka akohoe. Huko ndiko nilikokuwa nakwenda usiku ule, kwamba aliyemchukua mdogo wetu ana jina kubwa kuliko mamba, na kuna mwenye kumweza.

Ushauri wangu ni mmoja tu, uwe unamwacha mtu amalize kusema. Najua, ningengoja tuanue matanga kwanza. Mkeo alininong'oneza hivyo na hakukosea sana. Lakini nani aliniita mbele nisome? Wewe. Na nani aliuza nyavu zake nikalipiwa ada ya chuo cha Biblia? Wewe pia, na hapo ndipo panaponiuma: uliyenipa maneno ndiye uliyenifunga mdomo.

Harusini nitakuja, na sufuria zangu nitakuja nazo. Biblia baki nayo, mkubwa ni wewe. Ila kabla sijafika, fungua Isaya 27, mstari wa kwanza, pale Bwana anapomuua yule joka aliye baharini. Tazama pembeni kama na pale Baba aliandika tarehe. Penseli yake ilikuwa hafifu, washa tochi ya simu.