Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: gesi iwalipe wazee pensheni, wazee wote

Mheshimiwa Waziri wa Fedha, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Newala. Najua ukifika wakati wa bajeti kila mtu ana lake analotaka liingizwe, mimi nina moja tu. Naomba serikali ianze kumlipa pensheni kila mzee wa Tanzania Bara, kila mzee yani, bila kuchambua nani fukara nani ana afadhali, na iandikwe kwenye sheria kabisa hiyo hela inatoka wapi, isiwe ya mradi ambao mwaka fulani unaisha.

Naanza na hilo la kuchambua maana ndo linalotuumiza huku vijijini. Kuna bibi mmoja jirani yetu, mikorosho alishawagawia watoto, yeye anaishi kwa kubangua korosho za kuokoteza. Anazikaanga nje kwenye bati kuukuu, moshi wake unawasha macho mpaka barabarani, alafu anakaa chini anazigonga moja moja, na yale mafuta ya ganda yameshamla vidole, vyeusi, ngozi inabanduka. Akimaliza anapima kwenye kikombe anauza. Huyu bibi wakati wa kuorodhesha kaya maskini za kulipwa na TASAF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, jina halikupita, kisa nyumba yake ina bati. Bati lenyewe aliezekewa na mwanae msimu korosho zilipokuwa na bei, na huyo mwanae leo hana kitu. Mwenzake wa nyumba ya pili, umri mmoja shida moja, yeye kapita. Sasa hivi hawasalimiani, watu waliocheza pamoja unyago! Hiyo ndo kazi ya orodha, hata anayeiandika awe mwadilifu namna gani, maana kijijini kwetu ukitafuta tofauti ya maskini na maskini mwenzie utaokota bati, utaokota mbuzi wawili, basi.

TASAF siibezi. Mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza 2012 umefikia kaya zaidi ya milioni moja na kuna watoto wamekaa shule kwa sababu yake. Ila Mheshimiwa unajua kuliko mimi kwamba sehemu kubwa ya hela yake ni mkopo wa Benki ya Dunia na misaada ya wafadhili. Na mwaka 2025 sote tuliona Marekani ilivyosimamisha na kufuta sehemu kubwa ya misaada yake kwa tangazo tu, kliniki za watu zikayumba nchi ngapi. Mzee wa miaka 75 ale au alale njaa kutegemea nani kashinda uchaguzi Washington? Hapana kwa kweli.

Utaniambia nchi masikini haiwezi. Mbona Zanzibar wameweza, tena hapo hapo kwa ndugu zetu. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefika miaka 70 analipwa Pensheni Jamii, walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi na 2023 wakapandisha hadi 50,000, hela ya bajeti yao wenyewe, na hakuna anayeulizwa nyumba yake ina bati au makuti. Lesotho wanalipa tangu 2004, nchi ndogo hiyo ya milima, imezungukwa na Afrika Kusini.

Lakini wanaonigusa zaidi ni Bolivia, kwa sababu wao wana gesi kama sisi. Mwaka 2005 waliweka kodi maalumu kwenye mafuta na gesi, 2008 wakaanzisha pensheni ya kila mtu aliyefikisha miaka 60, na sehemu ya ile kodi inaenda moja kwa moja huko, imeandikwa kwenye sheria. Mwenye pensheni ya kazini naye anapata, ila pungufu kidogo. Mzee wa kule akipokea hela yake anajua hii ni gesi yetu.

Huku kwetu je? Gesi ya Songo Songo inawasha umeme Dar tangu 2004, ya Mnazi Bay huku Mtwara inasafishwa hapo Madimba na kuingia kwenye bomba lililozinduliwa 2015. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana kulipinga hilo bomba, Januari na tena Mei, na wapo waliokufa. Tukaambiwa gesi ni ya Watanzania wote, sawa, tumekubali. Basi iwe ya wote kweli, mzee wa Msimbati, gesi inakotoka, aione mkononi na mzee wa Kigoma aione, siombi kwa ajili ya kusini peke yetu. Sheria ya mapato ya mafuta na gesi ya 2015 ilishaanzisha Mfuko wa mapato hayo, kwahiyo pa kuanzia papo, ongezeni kifungu kimoja kinachosema asilimia fulani ni pensheni ya wazee na isiguswe.

Najua gesi haidumu, hata Bolivia uzalishaji umeshuka miaka hii, ndo maana isisimame peke yake. Ongezeni sehemu ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje, ule ambao 2018 mgao wetu wa zao la korosho wa asilimia 65 uliondolewa ukaenda wote Hazina, na sehemu ya kodi ya madini. Ila tafadhali msije na makato mapya kwa mkulima! Karatasi ya malipo ya AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, ina makato ya chama, ya ghala, ya usafirishaji, ya halmashauri, mkulima anaisoma mpaka anakata tamaa.

Kama hela ni ndogo anzeni na miaka 70 kama Zanzibar alafu mshuke taratibu. Na msiweke mashine ya alama za vidole kuwa njia pekee ya kumtambua mtu, yule bibi niliyemtaja vidole vyake havisomeki, mafuta ya korosho yamefuta alama. Mwenyekiti wa kijiji anamjua na mtaa mzima unamjua, ushahidi wao ukubalike.

Ukisoma bajeti mwezi wa sita tutakuwa tunasikiliza redioni hapa, nitakuwa na kalamu mkononi.

Mimi mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara