Begi limerudi

Los Baños, Laguna, Ufilipino
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Ticha wangu,

Shikamoo ya utani, maana umenizidi miezi mitatu tu. Habari za simu yako kupotea nimezipata kwa shemeji. Pole sana. Ameniambia uliiacha kwenye kiti cha daladala, ukashuka stendi ya Msamvu, ukapiga, ikaita mara mbili, mara ya tatu ikazimwa. Ikishafika kuzimwa, ujue imepata baba mwingine. Kwa kuwa WhatsApp hupatikani, naandika barua kamili, shemeji aichapishe kazini kwake akuletee. Urefu wake umsamehe yeye, unilaumu mimi.

Utadhani nakuringia kwenye msiba wako, lakini ndiyo habari niliyonayo: wiki tatu zilizopita na mimi nimesahau begi kwenye gari, na begi limerudi.

Ni lile la kijani ulilonisindikiza kununua. Ndani mlikuwa na bahasha ya peso 8,500 za kodi ya chumba, yaani kama laki nne za kwetu, kitambulisho, mwamvuli, na daftari la shambani. Pesa ningekopa. Kilichonitoa jasho ni daftari. Humo mna misimu miwili ya utafiti wangu wa mpunga: urefu wa mmea, idadi ya machipukizi, tarehe kila kitalu kilipochanua, yote kwa penseli, na robo tu ndiyo nilikuwa nimeshaingiza kwenye kompyuta. Usiniulize kwa nini robo. Msimamizi wangu ameshauliza.

Kwanza nikueleze jeepney, daladala ya huku, maana usipoielewa hutaelewa mengine. Asili yake ni magari ya jeshi la Marekani yaliyoachwa hapa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wenyewe wakayarefusha, wakayapaka rangi za harusini, wakaweka mabenchi mawili yanayotazamana. Mlango uko nyuma. Konda hakuna. Dereva yuko peke yake huko mbele na usukani wake, na wewe uliyekaa nyuma kabisa unatoa sarafu, unasema "Bayad po", yaani nauli hii, jirani anazipokea, anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu, mpaka zinafika kwa dereva. Chenji inarudi kwa njia hiyohiyo. Siku yangu ya kwanza bibi mmoja alinishikisha sarafu, nikashukuru, nikatia mfukoni. Nilidhani anamsaidia mgeni. Gari zima lilicheka mpaka getini.

Dereva hageuki kuhesabu vichwa. Magari mengine yana kibao cha utani cha Kiingereza kwamba Mungu anamjua asiyelipa, ila "who does" imeandikwa "Hudas", yaani Yuda. Basi, hicho ndicho konda.

Siku hiyo mvua ilikuwa ya kwao, ile ya kumwagwa kwa ndoo. Nikapiga kelele "Para po!", yaani shusha hapa, gari likasimama, nikaruka mpaka kwenye kibaraza cha duka la dawa. Nikasimama pale kama dakika kumi nikiilaani mvua. Ndipo nikapeleka mkono begani kuchukua mwamvuli.

Mwenye nyumba wangu ni mama wa miaka sitini na kitu. Namwita Tita, shangazi, kama anavyoitwa na mtaa mzima. Nilimkuta anakaanga tuyo, samaki wao wakavu, harufu yake ingekukumbusha soko la dagaa la kule kwenu. Nikamweleza huku natetemeka. Hakuzima hata jiko. Akasema kengele za Balangiga zilirudi baada ya miaka 117, begi lako lina saa moja tu, kaa ule.

Kengele hizo ni za kanisa la mji mmoja kisiwani Samar. Askari wa Marekani walizichukua mwaka 1901 kama nyara za vita, na zimerejeshwa Desemba 2018. Hapa hata mtoto anakusimulia. Lakini siku ile sikuwa na nafasi ya historia, nilikula tuyo kama nakula karatasi.

Kesho yake mchana nikapigiwa simu kutoka ofisi ya barangay, yaani serikali ya mtaa. Nikafika mbio. Kitu cha kwanza kukiona, kabla ya watu, ni daftari langu liko mezani limefunguliwa chini ya feni, na kila baada ya kurasa chache wamechomeka tishu ili zisigandane. Ticha, mtu alikuwa amekaa pale akatenganisha kurasa za mpunga wangu moja baada ya nyingine, na hajui hata "chipukizi" ni nini kwa Kiswahili.

Katibu, mama mwenye miwani ya kamba, hakunikabidhi hivihivi. Alifunika begi kwa mkono akataka nitaje vilivyomo. Nilipotaja noti nane za elfu na moja ya mia tano ndipo alipotoa bahasha, akahesabu kwa sauti mbele ya dereva na mgambo mmoja: isa, dalawa, tatlo... Hiyo "tatlo" kila siku nasikia "tatu". Kisha akaandika kila kitu kwenye daftari lao la matukio wanaloliita blota, mpaka rangi ya mwamvuli, tukatia saini wote wanne.

Dereva alikuwa amekaa pembeni, taulo begani, kofia mapajani. Aliliona begi usiku alipokuwa anaosha gari. Jina langu lilimshinda kulitamka, ila kwenye jalada akaona IRRI, ile taasisi ya utafiti wa mpunga. Asubuhi akaenda getini kwao kuuliza, pale mlinzi hakuweza kumsaidia kwa jina alilolitamka, akageuza kuja mtaani. Asubuhi nzima hiyo, hakubeba abiria. Gari si lake. Kila siku anatakiwa ampelekee tajiri kiasi maalumu, wanaita boundary, nayo ni hesabu yetu ileile ya daladala na bodaboda. Tajiri hapunguzi kwa sababu umeokota begi la Mtanzania.

Nikatoa noti ya elfu moja. Akarudisha mkono nyuma kana kwamba nimemwonyesha nyoka. "Hindi po sa akin," akasema. Si yangu. Nikasukuma tena. Katibu akacheka, akasema sheria yenyewe inampa fungu la kumi, mgeni anataka kutii sheria, pokea. Hakupokea. Akavaa kofia akaondoka, foleni yake ilikuwa inamsubiri.

Nilidhani katibu anatania, lakini mpwa wa Tita anasoma sheria, jioni akanionyesha. Imo kwenye Sheria yao ya Madai ya 1949, kifungu cha 719 na 720. Ukiokota kitu, kirudishe kwa mwenyewe; usipomjua, kipeleke kwa meya. Meya atatangaza wiki mbili mfululizo. Miezi sita ikipita bila mwenyewe kutokea, kinakuwa chako. Akitokea, anakulipa moja ya kumi. Na Sheria yao ya Adhabu, kifungu cha 308, inasema anayeokota kitu akakaa nacho bila kukipeleka kwa mwenyewe wala kwa serikali amefanya wizi. Wizi, kwa jina hilohilo. Nilikisoma hicho mara mbili, na sababu unaijua, nitaifikia.

Lakini usidhani dereva yule alisoma kifungu chochote. Tita ndiye aliyenifungua macho, na alinifungua kwa kunigombeza. "Umempa pesa mbele za watu kama unamlipa kibarua!" Wana neno lao, hiya. Ni haya yetu, imeongezewa uzito kidogo. Kwa maelezo yake, dereva angepokea ile elfu pale ofisini, mtaa mzima ungesema alirudisha begi ili apewe. Alichokuwa nacho mkononi ni jina lake, nami nilitaka kulinunua kwa elfu moja. Tita akaniambia ninunue buko pie, ile pai yao ya dafu ambayo mji huu unasifika kwayo, nipeleke nyumbani kwake, nimkabidhi mkewe, niongelee mvua, niondoke. Nikafanya hivyo. Tuliongelea mvua nusu saa.

Usije ukatangaza huko kwamba nimehamia mbinguni. Ukienda Manila, wenyewe Wafilipino wanavaa mabegi kifuani kama wamebeba watoto, na mwenzangu wa maabara aliporwa simu karibu na kanisa la Quiapo, mchana, watu wanatoka misa. Wizi wa wakubwa ndio usiseme. Mwaka 1986, Rais Marcos alipoondolewa, Rais Aquino aliunda tume ya kurudisha mali, na miaka 38 baadaye tume hiyo bado ina kazi. Tita anasema hapa pochi inarudi kesho yake, bilioni zinarudi na wajukuu.

Ila dereva kurudisha mali si ajabu hapa. Redio zinasoma vitu vilivyookotwa kama zinavyosoma matokeo ya mpira, na madereva teksi wa Baguio, mji ulioko milimani kaskazini, wana sifa nchi nzima ya kurudisha mpaka chenji ya peso moja. Nimejiuliza sana kwa nini. Wapo wanaosema dini. Mimi naona hata ile mikono ya jeepney imo. Mtu ambaye tangu utotoni amepitisha mikononi mwake nauli za watu, mara ishirini kwa siku, mkono wake umezoea kushika kisicho chake na kukisogeza mbele. Pengine nakosea. Nimekaa hapa miaka miwili tu.

Sasa ile sababu. Unakumbuka kipochi cha Msamvu? Msamvu hiyohiyo iliyokula simu yako. Tuko kidato cha pili, basi la Dodoma limeondoka, kipochi kimebaki kwenye benchi. Shilingi 14,000, kadi ya kliniki ya mtoto, na ufunguo mmoja uliofungwa kwa kipande cha kanga nyekundu. Mmoja wetu akasema kuokota si kuiba. Mimi nasema ni wewe, wewe unasema ni mimi, tumebishana miaka na tunacheka. Tulikula chipsi mayai na soda mbilimbili, kipochi tukakitupa mtaroni.

Zile pesa hazinisumbui sana, Ticha. Ule ufunguo ndio unaonijia. Siku ile nimesimama pale kwenye kibaraza, mkono begani, begi halipo, nilimwona yule mama kafika kwake usiku, mtoto mgongoni, anapapasa. Sijawahi kumuona sura, lakini nilimwona. Sitaki unijibu chochote kuhusu hili. Nilitaka tu na wewe ujue kwamba kile kifungu cha 308 nilikisoma mara mbili.

Nimalizie kwa kichekesho. Tangu siku ile, nikipanda gari la yule bwana, hataki nauli yangu. Natoa peso 13, nasema "Bayad po", zinapita mkono kwa mkono, watu sita, saba, zinafika. Ananitazama kwenye kioo. Kisha anazirudisha: mkono kwa mkono, watu walewale, mpaka zinatua kiganjani kwangu, peso 13 kamili, na abiria wote wananikodolea macho kutaka kujua huyu Mwafrika ana nini. Mara mbili nimesubiri gari linalofuata ili tu nilipe kama watu wengine. Tita anasema nivumilie mpaka Desemba, nipeleke zawadi za watoto, hapo hawezi kukataa. Hapa Krismasi inaanza Septemba, nyimbo zimeshaanza kupigwa madukani, kwa hiyo najisikia nimechelewa.

Ndipo ninapokuomba. Kuna mwenzetu wa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, anakuja huku mwishoni mwa Novemba. Naomba shemeji amchagulie mke wa dereva doti moja ya kanga, pamba safi, rangi za kuwaka, nitaleta hela kwa mkono wake akirudi. Maneno mchague wenyewe, ila jamani isiwe ya kusuta majirani. Tita lazima ataniuliza maana yake, na akishajua, mtaa wote utajua.

Wasalimie watoto. Laini uliyopoteza umeshaifunga?

Wako,
Mtu wa Mpunga