Kiungulia na kukosa usingizi visitufanye tuache ARV

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi tunaoishi na VVU hapa Dodoma tunanong'onezana wenyewe kwa wenyewe kuliko tunavyolisema kliniki, nalo ni zile dalili ndogo ndogo zinazomfanya mtu aanze kuruka dozi.

Kidonge tunachotumia wengi wetu sasa, cha mara moja kwa siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, ni chepesi kuliko dawa za zamani. Mimi nilianza na efavirenzi, na ndoto zake za kutisha bado nazikumbuka. Hata hivyo, dolutegraviri huwanyima baadhi ya watu usingizi. Nilikesha majuma mawili, na nilikuwa nimekwisha kuamua kuiacha, muuguzi mmoja aliponishauri niimeze asubuhi baada ya uji badala ya usiku. Sikubadilisha kitu kingine chochote, na usingizi ulirudi. Nawaza ni wangapi hawakubahatika kukutana na muuguzi kama huyo.

Kinachonitia hofu zaidi ni kiungulia. Mtu akisikia tumbo linawaka, huenda duka la dawa muhimu akanunua vidonge vya magnesiamu, akavitafuna, kisha akameza ARV papo hapo. Magnesiamu na aluminiamu zilizomo katika dawa za kiungulia hushikana na dolutegraviri tumboni na kuizuia isiingie vizuri katika damu, hivyo mgonjwa huamini kwamba ametimiza wajibu wake, kumbe dawa iliyomfikia ni pungufu. Dolutegraviri inapaswa kumezwa angalau saa 2 kabla ya dawa hizo au saa 6 baada yake. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu navyo vina tabia hiyo hiyo, isipokuwa vyenyewe vinaweza kumezwa pamoja na dolutegraviri iwapo mtu anakula chakula wakati huo huo. Mdogo wangu, alipokuwa mjamzito, alipewa vidonge vya damu katika chumba kimoja na ARV katika kingine, na hakuna aliyemweleza habari ya saa. Alikuwa akivimeza vyote alfajiri, kabla hajatia kitu tumboni.

Wapo pia wanaopata ganzi au kuchomwachomwa miguuni wanapotumia isoniazidi ya kukinga kifua kikuu, nao huogopa kwamba ugonjwa umewazidi. Vitamini B6 husaidia, lakini itatolewaje kwa mtu aliyenyamaza?

Kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja kumetupunguzia safari, hasa ndugu zetu wa vijiji vya Bahi na Chamwino wakati wa kilimo, mvua zinapokuwa hazimsubiri mtu. Lakini maana yake ni kwamba tunaonana na mtoa huduma mara chache kwa mwaka, na dakika hizo chache zikiishia kwenye kuhesabu vidonge na kupangiwa tarehe, maswali yetu tunarudi nayo nyumbani. Mimi nimejizoesha kuandika katika daftari dalili, saa ilipoanza na nilichokula au kumeza kabla yake, na daftari hilo naliweka pamoja na kadi ya kliniki. Si kila dalili ni ya kuvumiliwa mpaka tarehe ifike: kikohozi, hata cha siku chache, kutokwa jasho usiku, kupungua uzito, macho kuwa ya njano, au kichwa kinachouma sana huku shingo ikikakamaa, ni mambo ya kuwahi kituoni mara moja.

Ombi langu kwa waganga wakuu wa wilaya za mkoa huu ni kwamba saa za kumeza kila dawa ziandikwe kwa Kiswahili juu ya mfuko wake, na kwamba wauzaji wa maduka ya dawa muhimu waelekezwe kumuuliza kwa faragha kila anayenunua dawa ya kiungulia iwapo kuna dawa nyingine anayoitumia kila siku.

Jina langu unalo, Mhariri, lakini naomba lisichapishwe.

Msomaji wako,
Dodoma