Twiga wa Mlima Nebo

Amman, Jumamosi usiku

Dada Wakesho,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mama msalimie sana, na dawa asiache. Kazi ipo, mgongo unauma kidogo tu, si kitu. Ujumbe wa Mwakio nimeupata, yote mitatu, hata ule wa sauti. Yake nitayajibu mwisho, maana nikianza nayo nitaharibu barua, na jana ilikuwa siku njema.

Madam alinipa ruhusa toka alfajiri. Sisi wa ushirika wa Ijumaa, Wakenya, Waganda na wale wawili wa Burundi, tulikuwa tumechanga miezi minne kwa ajili ya basi. Mwambie kasisi wa Mwatate kwamba yule binti aliyesinzia Shule ya Jumapili amesimama juu ya Mlima Nebo. Usisahau kumwambia!

Mlima wenyewe, dada, usicheke: mita mia saba na kitu. Vuria wetu ni kama mitatu ya hiyo. Lakini ukifika ukingoni nchi inaporomoka yote mbele yako mpaka Bahari ya Chumvi, na ng'ambo kule ni Yeriko. Kukiwa kweupe hata Yerusalemu huonekana. Jana kulikuwa na vumbi. Mganda mmoja aliapa ameiona, tukamwachia. Kisha tukasomewa Kumbukumbu la Torati 34, Musa anavyoonyeshwa nchi yote na kuambiwa hatavuka. Wimbo uliofuata sikuuimba. Nilisingizia jua.

Sasa sikia nililoliona ndani ya kanisa. Sakafu ya zamani, ya mwaka 530 hivi, imepangwa vijiwe vidogo vya rangi: wawindaji, simba, mchungaji na mifugo yake. Chini kabisa kuna mtu mweusi, mweusi kama sisi, ameshika kamba, na kwenye kamba ni mbuni. Karibu yake kijana ana punda milia na mnyama mwingine tena. Mtembezaji wetu akasema ni ngamia. Ngamia wa madoadoa! Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni kwamba huyo ni twiga, sisi tumekua tukiwaona wakivuka barabara. Mwili ni wa ngamia kweli, madoa ya twiga. Fundi alisimuliwa tu, hakuwahi kumwona. Nikabaki namtazama yule wa mbuni. Nani alimtoa kwao, na alirudi? Waliniita mara mbili ndipo nikatoka.

Madaba tulipita mbio kuona ramani ya sakafuni, ile ambayo samaki wa Yordani anageuka nyuma akiikaribia Bahari ya Chumvi. Kisha tukateremka mtoni, mahali pa ubatizo. Nilidhani ni mto mkubwa! Ni mwembamba, maji ya tope kama Mto Voi baada ya mvua, na ng'ambo, hatua chache tu, ni askari wa Israeli na mahujaji wenye kanzu nyeupe. Walipoimba tuliwasikia kama wako upande wetu. Nimemjazia Mama chupa. Ya kupaka, asinywe.

Haya, Mwakio. Anasema kuta zimefika lenta, sasa anataka pesa za mabati. Picha aliyotuma nimeivuta nikaikuza: ni ileile ya mwezi wa nne, mbuzi yuleyule mbele ya dirisha, mguu mmoja juu ya tofali. Miezi mitano mbuzi hajashusha mguu? Na kile kipande cha chini ya mkuyu kisiguswe. Baba alisema ni changu na wewe ulikuwepo, usikae kimya kama ile siku ya kikao.

Pesa nitatuma tarehe 5, kwa simu yako, si yake. Lakini kwanza panda boda uende mwenyewe. Mpe mtoto simu, usimame mlangoni na lile leso nililokutumia Krismasi, mtoto akupige picha. Kama hakuna mlango, simama hapohapo unapotakiwa kuwa.

Mdogo wako,
Mghoi