Barua kwa mwanangu anayeenda kupanda Kilimanjaro

Marahaba mama, voisi yako nimeisikiliza. Eti kule juu oksijeni inaisha? Haiishi bana, asilimia ni ileile 21 kama huko kwenu Tanga na hapa Moshi, ishu ni hewa yenyewe imekuwa nyepesi. Hewa ina uzito, huku chini tumebebeshwa yote iliyoko juu yetu ndo maana imebanana, ukifika kilele cha Uhuru mita 5,895 presha inabaki kama nusu ya ile ya pwani, kwa hiyo pumzi unayovuta kule ni nusu pumzi. We beba pakiti ya krispi tu, ukifika kambi ya Barafu utaikuta imevimba inataka kupasuka, hamna aliyeiongezea upepo, hewa ya ndani inatanuka kwa sababu nje presha ya kuibana imepungua.

Na chakula usilalamike. Enzi zile nabeba mizigo ya wageni mpishi wetu alikuwa anatukanwa bure, wali una kiini, kumbe maji kule yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, yanatokota kweli ila hayana moto wa kuivisha, maharage ndo usiyaseme kabisa.

Baridi sasa. Utasikia mtu anauliza si mmelikaribia jua? Jua liko kilomita milioni 150, hizo 6 ni nini! Jua linapasha ardhi, ardhi ndo inapasha hewa, na hewa ikipanda inatanuka inapoa, siku fundi baiskeli akitoa upepo kwenye tairi weka kidole uone. Kila kilomita unapoteza kama nyuzi 6 na nusu, na inaenda hivyo mpaka mwisho wa troposfia, hili tabaka letu la mawingu na mvua, ambalo huku ikweta linafika kilomita 16 au 17, yaani mlima wote na ukubwa wake haujafika hata nusu. Ukivuka kuingia stratosfia, tabaka la juu yake, mambo yanageuka, joto linapanda kwa sababu kuna gesi ya ozoni inanyonya miale mikali ya jua. Ila mlimani miale bado inakupata vizuri tu, paka losheni mpaka chini ya pua, theluji inarudisha mwanga.

Halafu kichwa kikiuma sana ukaanza kutapika au kuyumba usimfiche muongozaji eti wenzako watakucheka, dawa ni kushuka, hata kama ni usiku. Jaketi langu la bluu lipo kabatini, zipu inasumbua, ukija mwambie mama yako ampelekee fundi kabla ya Ijumaa.